SOMO LA USALAMA: KITUFE CHA HERUFI T NA MANENO YA KARATASI



Mara hii hatutasema juu ya miche wala juu ya kuanika. Twataka tusome pamoja juu ya kitu kidogo kilichomo katika nyumba nyingi za wanachama, na katika maghala, na hata katika mabanda ya pampu, ambacho watu hukipita kila siku pasipo kukitazama. Kitu hicho ni swichi ya usalama iliyomo katika kisanduku cha umeme, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T, au neno TEST, ambalo maana yake ni "jaribu".

Unguja iliunganishwa na umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba ikaungwa kutoka Tanga mwaka 2010. Tangu hapo umeme umezidi kuingia mashambani. Leo karafuu huchambuliwa usiku chini ya taa ya umeme, maji hupandishwa kwa pampu, na friji imo hata katika nyumba ambazo zamani zilikuwa na kandili moja tu. Faida ya umeme sote twaijua. Hatari yake twaijua nusu, na nusu tusiyoijua ndiyo iuayo watu.

YALIYOTUKUTA GHALANI

Hatuandiki haya kwa kuwa sisi ni hodari. Twaandika kwa sababu sisi wenyewe tulipatikana na kosa.

Kabla ya msimu kuanza tulikuwa tukilitayarisha ghala. Mmoja wetu akafungua kisanduku cha umeme, akakisoma kibandiko kilichomo, akabonyeza kile kitufe cha T. Ulimi wa swichi ukaanguka, "ta!", kama inavyotakiwa. Akafurahi. Lakini mlinzi wetu aliyesimama mlangoni akasema, "Mzee, hiyo swichi imeanguka, mbona taa ya nje ingali inawaka, na pampu inavuta maji?"

Tukaita fundi mwingine atazame. Akagundua ya kuwa msimu uliopita, mvua zilipokuwa nyingi, swichi ile ilikuwa ikianguka kila siku. Watu wakaudhika, kwani kazi zilisimama. Fundi wa siku zile akaitwa, naye badala ya kutafuta kwa nini inaanguka, akauhamisha waya wa pampu na wa taa ya nje, akaupitisha pembeni pasipo kugusa swichi. Tokea hapo swichi haikuanguka tena, nasi tukamshukuru fundi na kumlipa ujira wake.

Tulipoufuata ule waya wa pampu tukaona mahali ambapo panya wameutafuna mpaka shaba imeonekana, karibu kabisa na bomba ambalo wachumaji huchotea maji. Basi swichi ilikuwa ikisema kweli siku zote, nasi tulikuwa tumeiziba mdomo. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyedhurika. Lakini tulikaa kimya kitambo siku ile, kila mtu akifikiri juu ya watoto waliokuwa wakinawa miguu pale.

SWICHI HII NI KITU GANI

Wengi hudhani ya kuwa fyuzi na sakiti breka zatosha. Sivyo. Fyuzi na sakiti breka hulinda waya usiungue kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Sakiti breka ya ampea 32 huacha umeme upite mpaka uzidi ampea 32. Lakini si lazima zifike ampea 32 ndipo mtu afe. Mtu aweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kwa hiyo mtu aweza kupigwa shoti mpaka akafa, na fyuzi isitikisike.

Swichi ya usalama hufanya kazi nyingine. Fikiri msimamizi aliyekaa mlango wa ghala, naye amri yake ni moja: magunia yatokayo na magunia yarudiyo lazima yalingane. Yakitoka kumi yakarudi kumi, hana neno. Yakitoka kumi yakarudi tisa, hufunga mlango papo hapo, wala haulizi ni nani. Ndivyo ilivyo swichi hii. Ndani yake mna pete ya chuma, na nyaya mbili hupita katikati yake: waya wa moto ambao umeme hutokea, na nyutro ambao umeme hurudia. Maadamu kinachotoka na kinachorudi ni sawa, pete hutulia. Umeme kidogo ukipotea njiani, mathalani ukipita katika mwili wa mtu kwenda ardhini, pete huona tofauti na swichi hukata.

Kipimo chake huandikwa usoni pake. Swichi ya kulinda watu huandikwa 30mA au 0.03A, yaani miliampea 30. Ziko nyingine zilizoandikwa 0.1A au 0.3A. Hizo husaidia kuzuia moto, wala hazitoshi kumlinda mtu. Tazama ya kwako.

KWA NINI MILIAMPEA 30

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwako profesa jina lake Charles Dalziel, aliyepima kwa miaka mingi ni umeme kiasi gani mwili wa mtu waweza kuustahimili. Alipima watu waliojitolea, akaona ya kuwa umeme ukifika kiasi cha miliampea 16 kwa wastani wa wanaume, na kiasi cha miliampea 10 na nusu kwa wastani wa wanawake, mkono hukaza, na mtu hawezi tena kuachia kile alichokishika. Mwaka 1961 alibuni swichi ya kukata umeme unaovuja, ya namna inayotumika Marekani hata leo.

Ili mwanachama aone udogo wa hesabu hii: balbu ndogo ya siku hizi, ya wati 9, katika umeme wetu wa volti 230, hula miliampea 40 au zaidi. Basi umeme unaowasha balbu moja ya chumbani, ukipita kifuani mwa mtu kwa muda wa kutosha, waweza kuusimamisha moyo wake.

Kwa hiyo jambo kubwa ni muda. Swichi nzima ya miliampea 30, ikipata uvujaji wa kiasi hicho, hupaswa kukata kabla ya thuluthi ya sekunde kwisha. Uvujaji ukiwa mara tano ya hapo, hupaswa kukata katika sehemu 4 za mia za sekunde. Mtu atatikiswa, atapiga kelele, huenda akaanguka, lakini umeme utakuwa umekwisha kumwachia. Swichi haimzuii mtu kupigwa. Humzuia asishikiliwe mpaka akafa.

KARATASI ZINAVYOGOMBANA

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi. Tulikusanya karatasi zinazotoka ndani ya visanduku vya swichi hizi, tukazisoma moja moja. Moja husema jaribu kila mwezi. Nyingine, kila miezi 3. Ya tatu, kila miezi 6. Moja husema mwenye nyumba abonyeze kitufe mwenyewe. Nyingine ina picha ya umeme wa radi na maneno makubwa ya HATARI, kwamba kazi yote ifanywe na fundi mwenye ujuzi tu. Moja husema bonyeza. Nyingine husema usibonyeze kwa muda mrefu. Mwanachama mmoja alituambia, "Niliposoma nikaogopa, nikafunga kisanduku, sijakifungua tena." Twamwelewa. Lakini tukizichambua karatasi hizi kama tunavyochambua karafuu na makonyo, tutaona ya kuwa aghalabu hazipingani.

Kwanza, habari ya siku. Nchi mbalimbali zina kanuni mbalimbali. Marekani husema kila mwezi. Uingereza, kibandiko cha zamani kilimwambia mwenye nyumba ajaribu kila miezi 3, kisha kanuni zilizotoka mwaka 2018 zikasema kila miezi 6. Kwa hiyo dukani waweza kukuta swichi mbili zenye maneno mawili, na zote mbili ni nzima. Hawagombani kama ijaribiwe au isijaribiwe. Wanatofautiana katika siku tu. Baadhi ya karatasi huongeza kwamba mahali penye unyevu, vumbi au hewa ya chumvi, ijaribiwe mara nyingi zaidi. Je, kisiwani kwetu ni wapi pasipo na unyevu, vumbi au chumvi? Shauri letu ni kila mwezi. Ukiona mwezi umeandama, kesho yake mchana jaribu swichi yako. Usihofu kuichakaza, kwani imetengenezwa kustahimili kuanguka na kuinuliwa mara nyingi kabisa kuliko mara 12 kwa mwaka.

Pili, habari ya fundi. Onyo la kwamba kazi ifanywe na fundi tu ni juu ya kufungua kifuniko cha ndani, kufunga na kufungua nyaya, na kupima kwa mashine. Hayo ni kweli, wala mwanachama asithubutu kuyafanya. Lakini kitufe cha T kimewekwa nje makusudi, kwa ajili ya kidole cha mwenye nyumba. Kukibonyeza hakukugusishi waya wowote.

Tatu, habari ya kutobonyeza kwa muda mrefu. Unapobonyeza T, swichi hujifanyia uvujaji wa uongo ndani yake, kwa kupitisha umeme kidogo kwenye kipande chembamba cha kupunguza nguvu. Kipande hicho hakikutengenezwa kubeba umeme kwa muda. Swichi nzima huanguka mara moja, na kipande hupumzika. Swichi mbovu isipoanguka, nawe ukakaza kidole, kipande chaweza kuungua. Maana ya onyo basi ni hii: bonyeza kidogo, uachie.

Nne, yako maneno ya kwamba swichi iondolewe kabla ya kupima nyaya. Hayo yamwambia fundi mwenye mashine ya kupimia, ambayo hutoa volti nyingi na kuweza kuharibu swichi. Wewe hayakuhusu.

Tano, yako maneno kwamba swichi hailindi dhidi ya mzigo mkubwa. Maana yake ni kwamba usiitupe sakiti breka kwa sababu una swichi ya usalama. Kila mmoja ana kazi yake, nazo zote mbili zatakiwa.

NAMNA YA KUJARIBU

1. Chagua wakati wa mchana ambapo umeme upo. Umeme ukiwa umekatika, kitufe hakifanyi kazi, wala hilo si dalili ya ubovu. Wengi wamehukumu swichi nzima kwa kosa hili.

2. Waambie watu wa nyumbani. Hakikisha hapana mtu aliyepanda ngazi au anayetumia mashine. Zima kompyuta na pampu.

3. Washa taa moja katika kila upande wa nyumba, pamoja na taa ya nje na ya banda. Hatua hii usiiache. Sisi tuliiacha, na lau si mlinzi wetu tungeondoka tumedanganyika.

4. Hakikisha mikono yako ni mikavu, na miguuni una viatu. Bonyeza T mara moja, uachie.

5. Ulimi wa swichi lazima uanguke papo hapo. Kisha zunguka nyumba. Taa zote na soketi zote zinazolindwa lazima ziwe zimezimika. Iliyobaki hai haiko chini ya ulinzi wa swichi hii. Ikiwa ni ya nje, ya jikoni, ya maliwatoni au ya pampu, mwite fundi aiingize.

6. Inua ulimi. Swichi nyingine hutaka ushushwe kabisa kwanza, ndipo upandishwe.

7. Andika tarehe katika kipande cha karatasi, ukibandike karibu na kisanduku.

IKIKATAA

Ikiwa umeme upo, nawe umebonyeza, na swichi haikuanguka, jaribu mara moja tena. Ikikataa, usisubiri. Zima swichi kuu na mwite fundi aliyeidhinishwa. Swichi isiyoanguka ni mbovu, nayo ni mbaya kuliko kutokuwa na swichi, kwani mwenye nyumba huitegemea. Swichi iliyokaa miaka bila kuguswa huweza kugandamana ndani. Na hii ndiyo sababu kubwa ya kuijaribu, kwa kuwa kuanguka na kuinuka huilegeza.

Ikianguka ikawa haikubali kuinuka, au ikiwa yaanguka yenyewe mara kwa mara, hasa siku za mvua, hiyo ni habari inayokuletea. Chomoa vitu vyote katika soketi, uinue swichi, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho kibovu: mara nyingi ni pasi, birika, friji kuukuu, au pampu. Ikianguka hali vyote vimechomolewa, uvujaji umo katika nyaya za nyumba au za nje, na hiyo ni kazi ya fundi. Fundi akikushauri aipitishe waya pembeni ili isikusumbue, mwambie hapana, na umtafute mwingine. Wazee walisema nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Kukosa taa usiku mmoja ni nusu shari.

KITUFE HAKISEMI YOTE

Yatupasa pia tujue mwisho wa elimu ya kitufe. Tumesema ya kuwa T hufanya uvujaji wa uongo ndani ya swichi yenyewe. Kwa hiyo hakiupimi waya wa ardhi, yaani athi, wala ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje. Athi yaweza kuwa imekatika au imeliwa na kutu, na T ikaanguka vizuri. Tofauti ni hii: penye athi nzima, friji ikivujisha umeme kwenye bati lake, swichi hukata mara ile ile, kabla ya mtu kuigusa. Pasipo athi, bati hukaa na umeme likingoja, na swichi hukata pale tu mtu anapoligusa, na mtu huyo ndiye aliyegeuka kuwa athi. Kwa hiyo fundi apime athi kwa mashine, na apime pia muda wa swichi kukata.

Tena, swichi hii haimwoni mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, hali amesimama mahali pasipopitisha umeme. Kwake yeye, magunia yametoka kumi na yamerudi kumi. Basi pasiwe na mtu wa kujitia ushujaa kwa kusema, "Nina swichi ya usalama," akaanza kushika nyaya zilizo hai.

MASWALI YA KUJIULIZA

Tunaomba kila tawi lisome somo hili katika mkutano wake, na wanachama wajibu maswali haya wao kwa wao:

1. Kwa nini sakiti breka ya ampea 32 haiwezi kumwokoa mtu aliyepigwa shoti?

2. Umebonyeza T wala swichi haikuanguka. Kabla ya kusema ni mbovu, utahakikisha jambo gani?

3. Swichi imeanguka, na taa ya banda ingali inawaka. Maana yake nini, na utafanya nini?

4. Fundi asema, "Nitakuondolea usumbufu huu." Utamjibuje?

Sisi ghalani tumekwisha kuubadili ule waya wa pampu, na kuurudisha chini ya swichi. Mvua ya kwanza iliyokuja, swichi haikuanguka. Karatasi ya tarehe imebandikwa mlangoni, na mlinzi ndiye msimamizi wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona.

Ndugu wanachama, wachumaji waingiapo mashambani mwetu, na watoto wao wakaja kuchota maji katika mabomba yetu, wamo katika dhamana yetu. Msimu haujaanza, mwezi ukiandama, nenda kwenye kisanduku chako, ubonyeze herufi T, kisha uzunguke nyumba utazame taa.